Jedwali la marudio: uorodheshe kila thamani au upange kwa makundi?

Mwanafunzi akipewa orodha ya namba na kuambiwa "panga data hizi katika jedwali la marudio", yaani jedwali linaloonyesha kila thamani imetokea mara ngapi, kazi ya kwanza si kupiga mistari kwa rula. Ni kuamua jedwali lipi. Kuna linaloorodhesha kila thamani peke yake, kuna lenye makundi, kuna mchoro wa shina na majani ambao kwa kweli ni jedwali lililovaa nguo nyingine, halafu kuna safu za nyongeza kama asilimia na marudio limbikizi. Darasani hufundishwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na zoezi lake, na zoezi lenyewe limeshakuchagulia. Siku ukikabidhiwa data bila maelekezo ndipo unapogundua kwamba hukuwahi kuchagua.

Basi tuviweke bega kwa bega, kwa data zilezile inapowezekana. Jambo moja la kushika tangu mwanzo: kila jedwali linapoteza kitu. Jedwali la marudio la aina yoyote linapoteza mpangilio ambao data zilikuja nao. Lenye makundi linapoteza zaidi, kwa sababu linaziacha hata namba zenyewe na kubaki na hesabu ya ngapi ziliingia wapi. Kuchagua jedwali ni kuamua uko tayari kupoteza nini.

Kila thamani na mstari wake

Hizi ni idadi za mabao yaliyofungwa katika mechi 24:

2 1 3 0 2 4 1 2 1 3 2 0 5 1 2 3 1 2 4 3 0 2 1 3

Thamani tofauti ni sita tu, kuanzia 0 hadi 5. Hapa hakuna mjadala:

| Mabao | Marudio | Mabao × marudio |
|---|---|---|
| 0 | 3 | 0 |
| 1 | 6 | 6 |
| 2 | 7 | 14 |
| 3 | 5 | 15 |
| 4 | 2 | 8 |
| 5 | 1 | 5 |
| Jumla | 24 | 48 |

Wastani ni 48 ÷ 24 = 2, na huo ni wastani kamili, si wa kukadiria. Modi, yaani thamani inayojirudia zaidi, ni 2, inaonekana bila hesabu. Ukitaka kuzirudisha namba zote 24 unaweza. Utakosa tu kujua mechi ipi ilikuja kwanza.

Wanafunzi wengi hufuta mstari wenye marudio 0. Tuseme hakuna mechi iliyokuwa na mabao 4. Wao wangeruka kutoka 3 hadi 5, kisha kwenye grafu nguzo ya 5 ingesogea ikakaa jirani na ya 3. Usifute. Andika 4, weka 0 mbele yake. Sifuri nayo ni habari: inasema jambo hilo lingeweza kutokea na halikutokea.

Mahali jedwali hilo linapokwama

Sasa chukua alama za mtihani za wanafunzi 30, mtihani ukiwa wa 100:

64 36 71 45 68 33 82 62 39 24
67 58 35 91 63 70 42 31 66 78
36 51 69 86 40 73 27 64 38 75

Jaribu kuipa kila alama mstari wake. Utapata mistari 28, na 26 kati yake zitakuwa na marudio 1. Ni alama 36 na 64 pekee zinazojirudia, mara mbili kila moja. Umeandika ukurasa mzima na bado hujui kama darasa limefanya vizuri au vibaya. Kitaalamu si kosa, lakini jedwali lisilofupisha chochote ni orodha iliyopigiwa mistari.

Kipimo changu ni hiki: thamani tofauti zikizidi kumi na tano hivi, anza kufikiria makundi. Zikiwa chini ya hapo, baki na thamani moja moja hata kama data ni nyingi. Watu elfu moja wakiulizwa wana ndugu wangapi, jedwali la mistari kumi linatosha. Wingi wa data haukulazimishi kuweka makundi. Kinachokulazimisha ni wingi wa thamani tofauti. Vipimo kama urefu, uzito na muda huwa na makundi karibu siku zote, kwa kuwa hata watu wawili wenye urefu sawasawa kabisa ni nadra ukipima kwa makini.

Makundi: upana upi?

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ndipo nitakapokaa.

Alama zilezile 30, kwanza kwa makundi yenye upana wa 10:

| Alama | Marudio |
|---|---|
| 20–29 | 2 |
| 30–39 | 7 |
| 40–49 | 3 |
| 50–59 | 2 |
| 60–69 | 8 |
| 70–79 | 5 |
| 80–89 | 2 |
| 90–99 | 1 |

Kisha kwa upana wa 25:

| Alama | Marudio |
|---|---|
| 20–44 | 11 |
| 45–69 | 11 |
| 70–94 | 8 |

Yasome yote mawili kana kwamba hujawahi kuona data zenyewe. La kwanza linakuambia darasa hili ni madarasa mawili ndani ya chumba kimoja: kuna kundi lililorundikana kwenye thelathini na kitu, kuna jingine kwenye sitini na sabini, na katikati, kwenye hamsini, pako karibu wazi. La pili linakuambia darasa limegawanyika vizuri tu, wengi chini na kati, wachache juu. Data ni zilezile. Mwalimu akipewa la kwanza atajiuliza kwa nini wanafunzi wamepasuka pande mbili. Akipewa la pili hatajiuliza chochote.

Madhara hayaishii kwenye sura. Ukikokotoa kutoka kwenye majedwali wastani, kwa thamani ya katikati ya kila kundi, na namba ya kati (ile inayokaa katikati data zikipangwa kwa ukubwa), kwa fomula yake ya kawaida, unapata hivi:

| | Wastani | Namba ya kati |
|---|---|---|
| Data zenyewe | 56.13 | 62.5 |
| Makundi ya 5 | 56.17 | 60.75 |
| Makundi ya 10 | 56.17 | 60.75 |
| Makundi ya 25 | 54.5 | 53.6 |

Angalia safu ya mwisho. Makundi mapana yameishusha namba ya kati kwa alama karibu tisa. Sababu yake ni kwamba fomula inachukulia alama zimetawanyika sawasawa ndani ya kundi. Kundi la 45–69 lina watu 11, lakini wanane kati yao wamejazana 60 na kuendelea. Fomula haina njia ya kulijua hilo, kwa hiyo inawatandaza.

Angalia pia makundi ya 5. Nimeyatengeneza, yako 15, mengi yana mtu mmoja tu, na hayakunipa wastani ulio bora wala namba ya kati iliyo bora kuliko makundi ya 10. Mara mbili ya kazi, faida hakuna. Kwa data hizi, basi, 10 ndiyo jibu langu.

Je, kuna kanuni ya kukuchagulia? Ipo inayotajwa sana, ya Herbert Sturges, ya mwaka 1926: idadi ya makundi ni 1 + 3.322 × log n, ambapo n ni idadi ya data na logi ni ya kizio 10. Kwa n = 30 inatoa karibu 6, kwa 100 inatoa karibu 8, na kwa 1000 inatoa 11. Nyingine rahisi zaidi ni kuchukua kipeuo cha pili cha n, ambacho kwa 30 ni kama 5.5. Zote mbili zinakubaliana kwamba tuwe na makundi sita hivi. Tofauti kati ya alama kubwa na ndogo ni 91 − 24 = 67, na 67 ÷ 6 ni kidogo zaidi ya 11, kwa hiyo upana ungekuwa 12 na makundi yangekuwa 24–35, 36–47, 48–59, 60–71, 72–83 na 84–95, yenye marudio 5, 7, 2, 10, 4 na 2.

Jedwali hilo halina ubaya. Bonde la katikati bado linaonekana. Lakini jaribu kulijaza kwa mkono. Alama 71 inaingia wapi? 48 je? Kila namba inakulazimisha kurudi kuangalia mipaka. Makundi ya 10 yanayoanzia kwenye kumi kamili hayakusumbui, kwani tarakimu ya kwanza tu inakuonyesha mahali. Kanuni ya Sturges ichukue kama ushauri, kisha izungushe upana hadi namba ambayo jicho linaisoma upesi: 2, 5, 10, 20, 50. Makundi manane badala ya sita hayajamuumiza mtu.

Ukisita kati ya upana mmoja na mwingine, chukua ulio mwembamba. Makundi mawili ya jirani unaweza kuyaunganisha baadaye kwa kujumlisha. Kundi pana huwezi kulipasua tena mpaka urudi kwenye data zenyewe, na pengine huna tena.

Shina na majani, kwa asiyetaka kupoteza

Mtakwimu wa Marekani John Tukey aliueneza mchoro huu katika miaka ya 1970, na kwa alama zetu unakuwa hivi:

```
2 | 4 7
3 | 1 3 5 6 6 8 9
4 | 0 2 5
5 | 1 8
6 | 2 3 4 4 6 7 8 9
7 | 0 1 3 5 8
8 | 2 6
9 | 1
```

Shina ni makumi, majani ni mamoja. Ulaze ubavu na utakuwa na umbo lilelile la makundi ya 10, ila kila alama bado ipo. Namba ya kati unaihesabu kwa kidole: ya 15 ni 62, ya 16 ni 63, basi ni 62.5 kamili. Ukitaka jedwali la makundi, hesabu majani ya kila mstari. Ukitaka makundi ya 5, gawa kila shina mara mbili, majani 0–4 juu na 5–9 chini.

Kwa data kati ya 15 na 60 hivi, zenye tarakimu mbili au tatu, mimi huanza na huu kabla ya jedwali lolote, hata kama swali halikuuomba. Unafanywa pembeni ya karatasi kwa dakika chache. Udhaifu wake uko wazi: data 300 hazitaenea kwenye mstari, na upana wa makundi unafungwa na tarakimu, yaani utapata 10, 5 au 2, huwezi kupata 12 wala 25. Nafasi kati ya majani lazima ziwe sawa, la sivyo mstari mrefu utaonekana mrefu kwa sababu ya mwandiko tu.

Kuandika mipaka: njia tatu, na mtego mmoja

Tuseme unapima urefu wa watu kwa sentimita. Makundi unaweza kuyaandika kwa namna hizi:

| Namna | Mfano | Inafaa wapi |
|---|---|---|
| Yenye pengo | 150–154, 155–159 | Namba kamili, au vipimo vilivyokwisha kukadiriwa hadi namba kamili |
| Yanayogusana | 150–155, 155–160 | Popote pale, ila lazima useme 155 inakaa wapi |
| Kwa alama za kulinganisha | 150 ≤ u < 155 | Vipimo vyenye desimali |

Ya pili ndiyo inayoleta ugomvi. Mtu mwenye sentimita 155 anaingia kundi lipi? Mmoja atamweka huku, mwingine kule, na asiye makini atamhesabu mara mbili, jumla ifike 31 badala ya 30. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba mpaka wa chini unaingia na wa juu hauingii, lakini iandike. Usimwachie msomaji akisie. Namna ya tatu inaliandika hilo ndani ya alama zake, ndiyo maana naipendelea kwa vipimo.

Namna ya kwanza ni safi mpaka ukutane na 154.6. Haiko 150–154, haiko 155–159. Kama urefu umekadiriwa hadi sentimita iliyo karibu, 154.6 ilishaandikwa 155 na tatizo halipo. Hapo mipaka halisi ya kundi la 150–154 ni 149.5 na 154.5, na thamani yake ya katikati ni 152.

Sasa mtego: umri. Mtu anayesema ana miaka 14 anaweza kuwa ametimiza 14 jana au anatimiza 15 kesho. Umri haukadiriwi kwenda mwaka ulio karibu, unakatwa kwenda chini. Kwa hiyo kundi la umri 10–14 lina mipaka halisi 10 na 15, si 9.5 na 14.5, na thamani yake ya katikati ni 12.5, si 12. Ukitumia 12 kwa kundi hili, na kosa hilohilo kwa mengine yote, wastani wako utapungua nusu mwaka. Masahihisho ya mitihani mengine hayajali, uhalisi unajali.

Makundi yasiyo na upana sawa, au yenye mwisho wazi kama "60 na zaidi", yaepuke ukiweza. Yanakubalika pale data zinapokuwa nyingi upande mmoja na kutawanyika sana upande mwingine, kama mapato yalivyo. Ila ukichora histogramu (grafu ya nguzo zinazogusana), urefu wa nguzo lazima uwe marudio yaliyogawanywa kwa upana: kundi lenye marudio 12 na upana 30 lina urefu 0.4, wakati lenye marudio 6 na upana 10 lina 0.6, yaani la pili ndilo refu. Na kundi la mwisho wazi halina thamani ya katikati, hivyo wastani utabidi uubunie. Namba ya kati haitakusumbua.

Safu za nyongeza: uongeze ipi?

Jedwali la msingi likishakamilika, swali linakuwa fupi. Unalinganisha makundi mawili ya watu yasiyolingana idadi? Ongeza asilimia. Wanafunzi 12 waliofaulu kati ya 30 ni asilimia 40. 15 kati ya 45 ni asilimia 33.3. Kwa marudio matupu darasa la pili lilionekana kushinda. Hata hivyo usiandike asilimia bila jumla pembeni, maana "asilimia 50" ya watu wanne ni watu wawili, na usihangaike asilimia zikijumlika 99.9 au 100.1, ni makadirio ya desimali hayo.

Swali likiwa na maneno "chini ya", "angalau" au "nusu ya wanafunzi", ongeza marudio limbikizi, yaani jumla ya marudio tangu kundi la kwanza hadi ulipofika. Kwa alama zetu yanakwenda 2, 9, 12, 14, 22, 27, 29, 30. Wangapi walipata chini ya 50? Ni 12, umesoma tu. Wangapi walipata angalau 70? Ni 30 − 22, yaani 8. Ukichora mkunjo wake, nukta inakaa juu ya mpaka halisi wa juu wa kundi, si katikati yake, kwa sababu watu 12 wanakamilika ukifika 49.5, si 44.5.

Kwa mkono au kwa kompyuta?

Kwa data chini ya hamsini, mkono unatosha na unafundisha zaidi. Pita kwenye orodha mara moja, kutoka namba ya kwanza hadi ya mwisho, ukipiga kijiti kwenye kundi linalohusika na kuikata kila namba uliyoipita. Kijiti cha tano kinavilaza vinne vilivyotangulia. Wanaopoteza muda ni wale wanaotafuta kwanza alama zote za ishirini na kitu, kisha wanarudi mwanzo kutafuta za thelathini, kisha wanarudi tena. Hao husoma orodha mara nane na kuruka namba mbili tatu njiani.

Data zikiwa mamia, tumia lahajedwali. Excel na Google Sheets zote zina fomula ya FREQUENCY: unaipa data, unaipa mipaka ya juu ya makundi, inakuhesabia papo hapo. Lakini inahesabu kila namba iliyo ndogo kuliko mpaka *au sawa nao*. Ukiandika mipaka 30, 40, 50 na kuendelea, ukidhani unatengeneza makundi ya 30–39 na 40–49, alama 40 itaangukia pamoja na za thelathini, na 70 pamoja na za sitini. Kwa data zetu utapata 8 badala ya 7, 2 badala ya 3, 9 badala ya 8, na 4 badala ya 5. Jumla itabaki 30, hivyo ukaguzi wa jumla hautakustua. Andika mipaka 29, 39, 49 hadi 99, kisha tafuta kwenye data namba moja inayokaa juu ya mpaka, kama 40, ifute, na uone ni kundi lipi limepungua moja. Likiwa la 40–49, fomula iko sawa. Irudishe 40 uendelee.